Kafa Ulaya

Huyu Honorata ninayemsimulia ni shangazi wa mke wangu, yuko hai, na ukipanda Vudee leo utamkuta anapalilia maharage yake. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna watu wakisikia habari hii huanza kuguna, eti stori za vijiweni. Mimi siongezi chumvi. Chumvi yenyewe miaka ile ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, sabuni ndiyo usiseme, na mtu akipata kiberiti anakificha kama dhahabu.

Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Honorata aliteremka Same juu ya lori la mbao, kikapu cha ndizi mbivu kati ya miguu yake. Kule mlimani waliacha ukungu na manyunyu, huku chini wakakuta jua la Same mnalolijua, na upepo wake ule wa kumvua mtu kofia. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa anakwenda kumwona mdogo wake Nakundwa, amsalimie, amsihi apande nyumbani japo kwa siku moja, apatane na mama.

Maana Nakundwa aliondoka kwa ugomvi. Alisikia kuna mama mmoja anauza mitumba Same anatafuta msichana wa kumsaidia, akataka kwenda. Mama yao akakataa. Yule binti naye alikuwa na damu ya moto, akafunga kifurushi chake. Ndipo mama, kwa hasira, akamwambia, "Ukivuka mto kwenda kwa watu hao, basi huna kwenu hapa." Maneno ya mdomoni tu. Mama gani hajawahi kusema hovyo akiwa amekasirika? Lakini Nakundwa aliyabeba yale maneno, akavuka nayo mto.

Alivuka akiwa amevaa sweta alilofumiwa na Honorata. Uzi wenyewe ulitoka kwenye sweta kuukuu la shule, la kijani, Honorata akalifumua na kulifuma upya kwa spoku za baiskeli. Uzi ukamwishia mkononi, na dukani hakukuwa na hata kipande. Akachukua kofia nyekundu ya mama, akaifumua, akamalizia nayo. Ndiyo maana sweta zima lilikuwa la kijani isipokuwa pindo la mkono wa kushoto, jekundu. Nakundwa alilicheka sana, halafu akawa halivui.

Krismasi ikapita, hakuonekana. Masika yakapita. Mama akawa halali vizuri, wala hasemi kwa nini.

Sasa nikuambie habari za hao watu. Mume aliitwa Gregori, mke Leticia. Hawakuwa wa huku. Walikuja zamani kwenye shamba la mkonge, Gregori akiwa mtunza stoo, wakati ule mashamba yamejaa watu wa kila kabila, wale tuliokuwa tunawaita manamba. Bei ya katani ilipoanguka na shamba likafa, manamba wakabaki wanazagaa barabarani, wengine wameshasahau hata kijiji walichotoka. Gregori na mkewe wao waliinuka. Walijenga Same, wakachimba matangi ya maji uani, wakawa wanauzia mji mzima maji. Ilipokuja ruksa ya biashara, Leticia akaanza kuleta marobota ya mitumba. Watu wakawasifu. Walikuwa wapole, wana huruma. Manamba asiye na pa kulala alikuwa anakaribishwa kwao, anapewa kazi na chakula. Baada ya muda ukiuliza yuko wapi fulani, unaambiwa ameshapata nauli, amerudi kwao.

Ila ni nani alikuwa anauliza? Ndilo jambo lenyewe hilo.

Honorata alimkuta Leticia sokoni, amezungukwa na akina mama wanachambua nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chagua, leo nimefungua robota jipya."

"Sikuja kununua. Mimi ni dada yake Nakundwa, nimetoka Vudee."

Mkono wa Leticia ulisimama juu ya nguo. "Nakundwa?" akasema. "Alituambia hana kwao."

Kisha machozi yakamtoka. Akaeleza kwamba Nakundwa alitoroka na dereva wa lori, wamekwenda Mombasa, hata kuaga hakuaga, na yeye alimlea kama wa kumzaa. Alikuwa anajifuta macho kwa gauni la mtoto alilolitoa kwenye lile fungu. Honorata aliamini. Alimjua mdogo wake na hasira zake, na lile neno la kwamba hana kwao lilimchoma, kwa sababu alijua limetoka wapi. Aliona aibu hata ya kuinua uso.

Akiwa bado amesimama, akaja mwanamke wa Kimaasai aliyezoea kuuza maziwa pale gulioni. Anaitwa Naanyu. Alikuwa ameshika nguo kwa ncha za vidole, ameiweka mbali na mwili.

"Mama, chukua nguo yako," akamwambia Leticia. "Ina ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Haikauki."

Wanawake wakacheka. Leticia naye akacheka. "Sufu hiyo, inachelewa."

"Nimeianika juu ya miiba tangu mwezi ukiwa mchanga," Naanyu alisema. "Jua lote hili, na upepo. Inadondosha tu. Mbuzi wangu wanakuja kunywa chini yake."

Miaka ile mitumba tulikuwa tunaiita kafa Ulaya. Hakuna aliyeamini kwamba mtu mzima na akili zake anaweza kutoa koti zuri namna ile na kuligawa. Lazima mwenyewe amekufa. Basi ukawa utani wa wauzaji wote, na Leticia akautumia bila hata kufikiri.

"Mwenyewe kafa Ulaya, dada. Labda alikufa maji."

Akina mama wakaangua kicheko tena. Honorata aligeuka ili aitazame hiyo nguo inayochekwa. Ilikuwa sweta la kijani. Pindo la mkono wa kushoto lilikuwa jekundu.

Hakupiga kelele. Mpaka leo anasema hajui kwa nini. Alimshika Naanyu mkono, akamvuta pembeni ya kibanda.

"Nipe mimi," akanong'ona.

"Nikupe ugonjwa?"

"Ni la mdogo wangu. Nililifuma mwenyewe. Halijawahi kufika Ulaya."

Naanyu alimwangalia usoni, akageuka kumwangalia Leticia. Akampa. Honorata akamsogezea ndizi, akazikataa. Lile sweta lilikuwa zito, limelowa, na baridi yake ilikuwa baridi ya kisima. Honorata alilikunja ndani ya kanga, akalisukuma chini ya ndizi.

Leticia alikuwa anawatazama.

"Mwanangu," akaita kwa upole, "huwezi kurudi mlimani na njaa. Twende nyumbani ukanywe chai. Na vitu vya mdogo wako vipo, uvichukue."

Utaniuliza kwa nini alikwenda. Mimi nilimwuliza. Alisema, "Angekuwa mdogo wako wewe, usingekwenda?" Alimnong'oneza Naanyu neno moja tu, "Ningoje," akamfuata Leticia.

Nyumba ilikuwa safi. Ua wote umesakafiwa na kufagiliwa. Upande mmoja kulikuwa na tangi la kuuzia maji, na bomba lake na ndoo zake. Upande wa pili sakafu ilikuwa imeinuka kidogo, saruji yake mpya kuliko ya pembeni. Leticia aliona anapaangalia. "Hilo ni tangi la zamani," akasema. "Lilipasuka, tukaliziba."

Gregori alikuwa ndani, anasikiliza redio. Alikuwa mzee mwembamba, sauti yake ya chini, ya mtu wa kanisani. Alipokea shikamoo, akapunguza redio, akamvutia kiti. Mezani palikuwa na bakuli la sukari, limejaa mpaka juu. Honorata alikuwa hajaona sukari nyingi hivyo tangu aanze kujitegemea.

"Umekuja na nani, binti?" Gregori aliuliza.

"Peke yangu."

"Na kule kwenu wanajua uko hapa?"

Aliuliza huku anamkorogea chai. Kama anauliza atie vijiko vingapi.

Honorata alitazama kijiko kinavyozunguka. Leticia alisimama nyuma yake, akamwekea mkono begani. "Kitanda chake bado kipo," akasema. "Ukipenda, baki. Kazi ni nyingi."

Redio ilikuwa inatangaza vifo.

Ndipo akasikia. Tone. Kimya. Tone. Kikapu kilikuwa miguuni pake, na chini yake sakafu ilianza kung'aa. Maji yalitoka kidogo kidogo. Hayakusambaa. Yalikwenda. Yalinyooka sakafuni mstari mmoja mwembamba, yakapita chini ya meza.

Gregori aliinua miguu, yakapita.

Hakuangalia chini. Aliinua tu miguu, huku anakunywa chai yake, kama mtu aliyezoea. Maji yalipokwisha kupita, akaishusha.

Leticia alichukua tambara nyuma ya mlango. "Leo mapema," akanong'ona.

Honorata alitazama dirishani. Ule mstari ulikuwa umepita chini ya mlango, umevuka ua, ukafika kwenye ile saruji mpya. Hapo ukazama.

Gregori alisimama. Alikwenda mlangoni bila haraka. Ufunguo ukalia.

Honorata anasema hapo ndipo alipoelewa mdogo wake aliwaambia nini watu hawa, na alikuwa amekaa kwenye kiti gani alipowaambia. Sina kwetu. Alitaka kusema kitu chochote, aseme ana kwao, ana ukoo mzima, ana wajomba wakali. Mkono begani ukawa mzito.

"Hodi."

Sauti ilitoka nje.

"Hodi," ikarudia. Ilikuwa ya Naanyu. "Namtaka dada yangu."

"Dada yako yupi?" Gregori aliuliza, bado ameshika ufunguo.

"Huyo aliyeingia. Tumekuja na shemeji zangu, wako hapa getini. Tunamngoja."

Kisha ufunguo ukalia tena, mlango ukafunguka, na Gregori akawa anatabasamu. "Karibuni," akasema. "Jua kali. Maji yapo."

"Maji yenu hatunywi," alisema Naanyu.

Honorata alitoka na kikapu chake. Walikwenda moja kwa moja kwa Asheri, balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule. Asheri alisikiliza, akakuna kichwa, akasema sweta si ushahidi, huenda msichana aliliuza. Honorata akalitoa kikapuni na kuliweka juu ya meza yake. Alilikamua mbele ya macho yake mpaka likabaki kama kamba. Likaanza kudondosha tena. Asheri alivaa viatu, akaenda kuita polisi.

Habari ilipanda Vudee jioni ile ile na lori la mbao. Asubuhi pembe ikapigwa. Kwa Wapare pembe ikipigwa ni msaragambo, kazi ya wote, mtu anaacha anachofanya. Siku nyingine ni kuzibua mfereji au kufukua tope la ndiva, bwawa la kumwagilia. Siku hiyo hakuna aliyeambiwa ni kazi gani, na hakuna aliyeuliza. Waliteremka na majembe, sururu na mitarimbo, wanaume kwa wanawake, na mbele yao mama yake Nakundwa, ambaye hakuwa amekanyaga Same kwa miaka.

Saruji ilivunjwa adhuhuri. Sitasema yote waliyoyaona humo. Honorata mwenyewe akifika hapa huruka. Nitasema tu kwamba tangi lile halikuwa limepasuka, lilikuwa limejaa, na kwamba Nakundwa alikuwa juu kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Gregori alikaa kwenye kiti chake kibarazani muda wote. Leticia ndiye aliyesema, alipokuwa anafungwa pingu. Hakuwa na hasira. Alishangaa kweli, kama mtu aliyeonewa.

"Hao wengine mnawatolea nini?" akauliza. "Hakuna aliyewahi kuwaulizia."

Mama alisogea mpaka ukingoni mwa tangi. Katika ukoo wao aliyekufa anaheshimiwa, husemi naye kama unavyosema na mtoto. Unasema naye kwa wingi, kama unavyosema na mkwe. Basi mama aliinama, akasema na mwanawe kwa Kipare, kwa wingi, kama alivyofundishwa. Askari aliyekuwa anaandika akamsimamisha. Alitaka kujua anasema nini.

Laiti angemwacha. Ingebaki kwa Kipare, pengine mambo yangeishia pale. Wale manamba wa watu wangejuaje Kipare? Lakini mama alikuwa mtiifu kwa serikali. Akarudia kwa Kiswahili, kwa sauti, ndani ya lile tangi.

"Nilisema vibaya. Nisameheni. Mna kwenu. Tokeni huko, twendeni nyumbani."

Naanyu alikuwa amesimama karibu na Honorata. Alimsogelea sikioni.

"Anawaita wangapi?"

"Mmoja," Honorata alinong'ona.

Naanyu alitazama chini, akatazama pembeni. "Humo hamna mmoja," akasema.

Gregori na mkewe walipelekwa Moshi, na sheria ikafanya kazi yake. Wale wengine walizikwa na mji, kwa pamoja, bila majina, kwa sababu hakuna aliyejitokeza. Nakundwa walimpandisha Vudee, wakamzika migombani, na lile sweta mikononi mwake. Lilikauka siku ya kuzika. Honorata alilishika mwenyewe kabla halijafunikwa, lilikuwa kavu na lina vuguvugu, kana kwamba limetolewa kwenye kamba sasa hivi.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika. Asubuhi iliyofuata Honorata alitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, akasimama mlangoni.

Nyumba yao imezungushiwa ua wa masale. Juu ya masale palikuwa pameanikwa nguo. Shati la kiume. Kanga iliyopauka. Kaptura ya kaki yenye namba iliyoshonwa mfukoni, zile namba za shamba. Koti refu. Gauni la msichana. Zilizunguka ua wote, zimetandazwa vizuri, kwa adabu, kama mgeni anavyoanika nguo zake kwa watu. Zote zilikuwa zinadondosha maji. Njia ya kuja pale ilikuwa na vumbi, na vumbi halikuwa na alama ya unyayo.

Mama alitoka nyuma yake, akaangalia.

"Nani kaleta?" akauliza.

"Uliwaita mwenyewe," Honorata alinong'ona.

Mama alishika kichwa. Honorata alidhani atalia, au atasema ziondolewe zikachomwe. Hakufanya hivyo. Aliingia jikoni, akateremsha chungu kikubwa, kile cha shughuli, akaanza kuchambua mahindi na maharage.

"Nilishasema wana kwao," akasema. "Nikisema tena hawana, nitakuwa mtu gani?"

Tangu siku hiyo nyumba ile ya watu wawili ikawa inapika makande ya msiba mzima. Majirani waliuliza, mama akawajibu ana wageni. Waliingia, hawakuona mtu. Waliona tu kwamba kuzunguka mafiga, hata wakati wa kiangazi, sakafu ya udongo ilikuwa na mabaka ya unyevu, ya mviringo, kila moja likiwa na upana wa mtu aliyekaa. Polepole wakaacha kuuliza. Baadaye wakaacha na kuja.

Mama alipofariki, Honorata alirithi nyumba na chungu. Hajaolewa. Ni mwanaume gani angekaa mle?

Sasa mimi nilikuwa mbishi. Nilipomwoa mpwa wake nilisikia habari hii yote nikacheka, nikamwambia mke wangu shangazi yako ana upweke tu. Kiangazi kilichopita tukapanda Vudee kumsalimia. Tulifika mchana, jua linawaka, hakujanyesha wiki nyingi. Alitukaribisha jikoni. Chungu kilikuwa motoni, kikubwa kweli. Nikavuta kigoda kilichokuwa karibu nami, nikakaa.

Honorata alikuwa anakoroga. Hakugeuka.

"Baba," akaniambia taratibu, "hicho kina mtu."

Nilisimama. Suruali ilikuwa imelowa nyuma, na baridi yake ilikuwa ya kisima. Mke wangu aliniangalia, mimi nikaangalia chini. Shangazi akanisogezea kigoda kingine, akanyoosha mkono juu ya kile cha kwanza na kusema, si kwangu, "Samahani, ni mgeni, hajui." Tukala.

Tulirudi kwetu Same siku hiyo hiyo. Suruali niliianika uani, kwenye kamba, kwenye jua na upepo huu huu mnaoujua. Ipo pale mpaka sasa. Mke wangu amesema tumpelekee shangazi, na mimi sijasema ndiyo wala hapana. Jana asubuhi nilifungua mlango wa nyuma nikakuta mbuzi wa jirani wamekusanyika chini ya kamba, wameinamisha vichwa, wanakunywa.